Bizari, Choya na Chokaa: Mwongozo Kamili wa Kuzijua Asidi, Besi na Chumvi kwa Vitu vya Nyumbani

Aliyewahi kumwagikiwa na urojo kwenye kanzu nyeupe ameshaona somo zima la kemia. Doa linafika nyumbani likiwa la manjano. Mama analiroweka, analipitishia sabuni ya mche, na papo hapo linageuka jekundu kama damu iliyokauka. Wengi hudhani sabuni imeharibu nguo. Kumbe bizari iliyomo kwenye urojo ilikuwa imetulia ndani ya ukwaju na ndimu, yaani ndani ya asidi, na sasa imekutana na besi iliyomo kwenye sabuni.

Nasomesha kemia Pemba. Mimi mwenyewe nilifaulu mtihani wa mada hii bila ya kuona hata tone moja likibadilika rangi. Skuli niliyosoma haikuwa na maabara, kwa hiyo tuliimba tu: asidi hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu, besi hugeuza nyekundu kuwa buluu. Karatasi yenyewe ya litimasi, ile ya kupimia asidi na besi maabara, niliishika mkononi miaka kadhaa baadaye, na siku ile niliona uchungu kwa kila mwaka niliokuwa nimekariri. Kila kitu nilichokuwa nakihitaji kilikuwepo jikoni kwa bibi yangu. Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi aliye kama nilivyokuwa mimi, na kwa mzazi anayetaka kumsaidia.

Maneno matatu kabla ya kuanza

Mwaka 1884 kijana wa Kiswidi, Svante Arrhenius, aliandika tasnifu akieleza kwamba vitu kama chumvi vikiyeyuka ndani ya maji hupasuka na kuwa chembe zenye chaji ya umeme, yaani ioni. Waliomsahihisha walimpa daraja la chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo hilohilo. Kutokana na kazi yake tunasema: asidi ni kitu ambacho kikiwa ndani ya maji hutoa ioni za haidrojeni. Alkali hutoa ioni za haidroksaidi. Mwaka 1923 wanakemia Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa upande wake, walilipanua jambo hili: asidi ni mtoaji wa ioni ya haidrojeni, besi ni mpokeaji. Kwa hiyo kila alkali ni besi, lakini besi isiyoyeyuka majini haiitwi alkali.

Asidi na besi zikikutana, ioni ya haidrojeni ya upande mmoja hushikana na ya haidroksaidi ya upande wa pili yakawa maji. Zile chembe nyingine zilizobaki ndizo zinazounda chumvi. Neno chumvi katika kemia ni pana kuliko kile kilichomo kwenye kopo la jikoni. Magadi ni chumvi, chaki ni chumvi, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) anayotia mkulima shambani ni chumvi pia.

Vitu vya kukusanya, na vya kuviacha

Utahitaji bizari ya manjano ya unga, choya kavu (rozela), spiriti ya kusafishia vidonda, shuka kuukuu nyeupe ya pamba, vikombe vyeupe sita au zaidi, kijiko cha chai, na sindano ya dawa isiyo na ncha au mrija wa kudondoshea matone. Vya kupima: ndimu, ukwaju, siki, maji ya dafu, maji ya mvua, maji ya kisima, maji ya bahari, magadi soda ya paketi, sabuni ya mche, majivu ya vifuu, na chokaa ya tambuu kiasi cha ncha ya kijiko.

Vya kuviacha kabisa ni vitatu: kostiki soda ya kutengenezea sabuni, asidi ya betri, na dawa kali ya kusafishia choo. Najua viko majumbani, na kina mama wanaotengeneza sabuni za mwani hutumia kostiki soda kila wiki kwa uangalifu mkubwa. Lakini si vya mtoto wala vya majaribio ya barazani. Dawa ya choo yenye asidi ikichanganyika na dawa ya kutoa madoa yenye klorini, hutoka gesi ya klorini ambayo hushambulia mapafu. Usizihifadhi pamoja, wala usizimwage pamoja kwenye shimo moja.

Chokaa ya tambuu ndiyo kali kuliko vyote tutakavyotumia, na watu huidharau kwa sababu babu na bibi wanaitia mdomoni. Mtoto wa jirani yetu alijisugua jicho kwa kidole chenye chokaa, na akawekewa maziwa kwa imani kwamba yatapoza. Dawa ni maji safi, mengi, ya kumiminika, kwa dakika 20 au zaidi, huku kope zimefunuliwa na vipande vya chokaa vinatolewa, kisha hospitali. Kamwe usitie siki wala ndimu kuizima chokaa jichoni au kwenye ngozi. Kuzimana kwa asidi na besi hutoa joto, na utakuwa umeongeza jeraha la pili juu ya la kwanza.

Hatua ya 1: Kitambaa cha bizari

Chukua kijiko kimoja cha chakula cha bizari ya manjano. Nimesema ya manjano makusudi, maana ukimtuma mtoto dukani aseme "bizari" tu, atarudi na bizari ya pilau au ya mchuzi. Rangi tunayoitaka inaitwa kukumini. Kwenye maji huyeyuka kwa shida, kwenye spiriti huyeyuka vizuri. Basi changanya bizari na vijiko vinne vya spiriti, mbali na jiko, koroga, acha dakika 10, kisha chuja.

Chovya ndani yake vipande vya shuka, vianike kivulini. Jua huifubaza kukumini haraka, na jambo hilo tutalitumia mwishoni. Vikikauka vikate upana wa kidole, uviweke kwenye mfuko uliofungwa.

Kabla ya kuchovya, suuza shuka kwa maji mengi mara tatu au nne. Siku moja vitambaa vyote vya darasa langu vilitoka na rangi ya kutu kabla hatujapima chochote, nasi tukahangaika nusu saa nzima tukimshuku muuza bizari. Sabuni ilikuwa imebaki kwenye shuka. Karatasi za daftari pia sizipendekezi, kwa sababu nyingi hutiwa chaki kiwandani ili ziwe nyeupe na laini, na chaki ni besi.

Hatua ya 2: Maji ya choya

Konzi moja ya choya kavu, vikombe viwili vya maji, chemsha dakika tano, ipua, acha ipoe, chuja. Usitie sukari, iliki wala tangawizi. Utapata maji mekundu yaliyoiva.

Choya yenyewe ni asidi. Ndiyo maana inakwaruza ulimi. Ukiitia nyingi kwenye besi dhaifu, asidi ya choya itaizima besi kabla hujaona kitu. Matone manne au matano kwa robo kikombe yanatosha. Kwenye friji inakaa siku tatu au nne, baada ya hapo huanza kuchacha.

Kwa nini viashiria viwili, yaani vitu viwili vya kutuonyesha asidi na besi kwa kubadilika rangi? Kitambaa cha bizari kina jibu moja tu: kama hakuna besi ya kutosha hubaki cha manjano, kiwe kimeguswa na ndimu au na maji matupu. Hakiwezi kutofautisha asidi na kitu kisicho upande wowote. Choya inaliziba pengo hilo, kwani ni nyekundu kwenye asidi, ya zambarau iliyofifia karibu na katikati, ya buluu na kijani kwenye besi, na hugeuka njano ya kijani besi ikiwa kali.

Litimasi ya maabara nayo ni rangi ya asili kama hizi zetu: hutolewa kwenye likeni, zile koga za kijivu zinazoshika magome na mawe. Katika karne ya 19 likeni za kutolea rangi zilivunwa kwenye pwani yetu na kupakiwa Zanzibar kwenda Ulaya. Huwaambia wanafunzi wangu hivyo wanapodhani sayansi hii imetoka mbali na haiwahusu.

Hatua ya 3: Kupima

Panga vikombe vyeupe, uandike jina la kila kitu pembeni yake. Vitu vya maji tia robo kikombe. Vitu vya unga au vigumu, kijiko cha chai kwa robo kikombe cha maji. Chokaa iwe kidogo zaidi. Majivu yaache yatuame, kisha tumia maji ya juu. Gawa kila kimiminika mara mbili: kimoja chovya kitambaa, kingine dondoshea choya. Osha kijiko kila unapohama.

Kabla ya yote fanya jaribio dogo ambalo watu hulipita: nyunyiza magadi soda makavu juu ya kitambaa kikavu cha bizari. Hakuna kitu. Dondosha maji tone moja, na wekundu unatokea. Bila ya maji ioni hazijaachana, na bila ya ioni hakuna asidi wala besi ya kuonekana. Hilo ndilo alilolisema Arrhenius.

Ndimu, siki na ukwaju vitaiacha bizari ya manjano na kuifanya choya ing'are nyekundu. Maji ya dafu ni asidi dhaifu. Maji ya mvua nayo huwa na asidi kidogo sana, kwa sababu matone yanapoanguka huyeyusha kaboni dayoksaidi ya hewani. Maji ya bahari yataipokonya choya wekundu wake, lakini bizari haitashtuka sana. Magadi soda yataigeuza bizari kuwa ya chungwa yenye wekundu. Sabuni ya mche na maji ya majivu vitaonyesha wekundu ulio wazi. Kwenye majivu kuna potasiamu kaboneti, na ndiyo maana watu wa kale waliyatumia kutengenezea sabuni. Chokaa itaigeuza bizari kahawia nyekundu iliyokoza, na choya itaondoka kabisa kwenye rangi zake za kawaida.

Sasa zipange kwa namba. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kinaanzia 0 hadi 14 kwa vitu vya kawaida, na 7 ni maji safi; chini ya hapo ni asidi, juu yake ni besi. Ndimu ni kama 2 na nusu, siki karibu 3, maji ya mvua safi 5.6, maziwa karibu 6.7, damu yako 7.4, maji ya bahari karibu 8.1, magadi soda karibu 8.3, sabuni ya mche 9 hadi 10, maji ya chokaa yaliyoshiba 12.4. Wanafunzi huanguka hapa: kila hatua moja ni mara kumi. Kitu cha pH 3 kina ioni za haidrojeni mara 100 kuliko cha pH 5. Kwa hiyo usiseme kwamba 4 ni "asidi nusu" ya 2.

Hatua ya 4: Kuzimana, kwa kuhesabu matone

Koroga chokaa ya tambuu kidogo ndani ya kikombe cha maji, funika, iache mpaka maji ya juu yawe maangavu, uone mpaka chini. Hayo ndiyo maji ya chokaa. Chota kijiko kimoja cha chakula, uyatie kwenye kikombe cheupe pamoja na kipande cha kitambaa cha bizari. Kitakuwa chekundu.

Dondosha siki tone moja moja, ukitikisa kikombe kila mara, na uhesabu. Mwanzoni utaona manjano ikitokea pale tone linapoangukia kisha ikipotea. Ikianza kuchelewa kupotea, punguza mwendo. Simama kitambaa kinapobaki cha manjano. Kama maji ya chokaa yameshiba na siki ni ya asilimia 5, tegemea matone kama 15. Rudia mara tatu, na ukipata namba zinazokaribiana, umefanya titresheni, kazi ileile inayofanywa maabara kwa vioo vya gharama. Kilichobaki kwenye kikombe ni maji na chumvi iitwayo kalisiamu asetati.

Kisha badilisha siki, weka maji ya ndimu yaliyochujwa. Hesabu tofauti itakuonyesha ni kipi kina asidi nyingi zaidi kwa kila tone, jambo ambalo ulimi hauwezi kukupimia.

Hatua ya 5: Kuitoa chumvi ikaonekana kwa macho

Hapa tunahitaji hesabu. Pima mililita 250 za siki ya asilimia 5. Ndani yake mna asidi asetiki karibu gramu 12.5. Moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe; moli moja ya asidi hii ni gramu 60, kwa hiyo tunayo moli 0.208. Moli moja ya magadi soda ni gramu 84, nazo huzimana moja kwa moja, hivyo tunahitaji gramu 17.5, yaani vijiko vya chai vitatu na nusu hivi.

Tumia bakuli kubwa na utie magadi kidogo kidogo, kwani povu litapanda. Povu ni kaboni dayoksaidi, gesi ileile inayoumua vitumbua vikitiwa magadi. Povu likikoma, pima kwa choya: ikiwa bado nyekundu iliyong'ara, ongeza magadi kwa ncha ya kijiko. Kisha chemsha kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu mpaka maji yapungue sana, mimina kwenye sahani, uache siku mbili. Fuwele nyeupe utakazoziona ni sodiamu asetati. Umeitengeneza chumvi ambayo haikuwemo katika siki wala katika magadi.

Sufuria ya alumini usiitumie kwa kazi hizi. Asidi huila taratibu, na besi kali huila kwa kasi zaidi ikitoa gesi ya haidrojeni.

Chokaa na mawe yetu

Hapa natua kidogo, kwa sababu visiwa hivi vimejengwa kwa kemia hii. Mawe ya matumbawe ni kalisiamu kaboneti. Wachoma chokaa hupanga magogo ya minazi duara, wakaweka mawe juu, wakatia moto. Joto likifikia kama nyuzi 900, jiwe hutoa kaboni dayoksaidi: kila kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa hai, iliyobaki imepaa hewani. Chokaa hai ikimwagiwa maji hutoka mvuke na joto kali, ikawa kalisiamu haidroksaidi, besi ile ya Hatua ya 4.

Fundi akiipaka ukutani, haikauki tu. Inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, miezi na miaka, na kurudi kuwa kalisiamu kaboneti, yaani jiwe. Kuta za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimesimama kwa mzunguko huo wa jiwe kuwa besi na besi kuwa jiwe tena.

Jaribu upande wa pili: tia ganda la chaza lililobaki jikoni ndani ya siki. Litatoa mapovu, kwa kuwa asidi huivunja kaboneti. Ukoko mweupe ndani ya birika la watu wa Makunduchi, Jambiani au Micheweni ni kaboneti hiyohiyo, iliyoletwa na maji ya visima vya mawe. Tia nusu kikombe cha siki na nusu cha maji, pasha moto bila ya kuchemsha, acha saa moja, mwaga, suuza. Usiukwangue kwa kisu.

Chumvi ya bahari, na chumvi zisizo za katikati

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kama gramu 27 kati ya hizo ni sodiamu kloraidi. Wenye mashamba ya chumvi Pemba huyapitisha maji kitalu hadi kitalu wakiliachia jua kazi. Kwanza hutuama kaboneti, kisha jasi, na chumvi ya kula huanza kuonekana maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi. Ukichemsha lita yako nyumbani, chota fuwele kabla sufuria haijakauka. Maji ya mwisho ni machungu kwa sababu yamejaa chumvi za magnesiamu, na ukiyakaushia humo chumvi yako itakuwa chungu na yenye kunyonya unyevu. Chumvi ya bahari kwa asili haina madini joto ya kutosha, ndiyo sababu huongezwa potasiamu ayodeti, nayo ni chumvi.

Pima chumvi ya mezani kwa viashiria: haiko upande wowote, kwa kuwa imetoka kwa asidi kali na besi kali. Magadi soda ni chumvi, lakini iliyozaliwa na besi kali na asidi dhaifu, kwa hiyo inaegemea kwenye besi. SA ni kinyume chake, na ukiitia msimu baada ya msimu udongo huzidi kuwa wa asidi. Kwenye ardhi ya mawe yenye kaboneti nyingi hasara hiyo huchelewa kuonekana. Kwenye udongo mwekundu wa mikarafuu huja mapema. Kausha konzi ya udongo wako, uchanganye na maji ya mvua, uache utuame, udondoshee choya.

Na lile doa

Kanzu ikishageuka nyekundu kwa sabuni, usiisugue kwa hasira. Suuza sabuni yote itoke, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Doa litarudi kuwa la manjano mbele ya macho yako. Suuza tena, na uianike kanzu ingali mbichi penye jua kali, doa likiwa limetazama juu. Kukumini haivumilii jua. Siku ya pili doa litakuwa limefifia, na kama bado lina kivuli, lirowanishe tena kwa maji na ulirudishe kambani.